Mgonjwa wako ametoka upasuaji wa tumbo akiwa na mpira ubavuni: namna ya kumtunza na dalili za hatari

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini kwenye wodi ya watoto, nilimruhusu mtoto wa miaka 8 kurudi nyumbani. Kidole tumbo chake kilikuwa kimepasuka, akafanyiwa upasuaji, na siku ya sita alikuwa anakunywa uji na kutembea hadi dirishani. Ubavuni alikuwa bado na mpira unaoshusha majimaji kwenye mfuko. Kitanda kilihitajika, na daktari akasema arudi baada ya siku tatu kutolewa mpira. Nikampa mama yake dawa, gozi na karatasi ya ruhusa, nikamwambia, "Mama, angalia tu usiingie uchafu." Basi.

Siku ya pili usiku walirudi. Mtoto ana homa, tumbo limejaa, analia hata shuka ikimgusa. Mama akanieleza alichofanya. Alikuwa amepigilia msumari ukutani juu ya kitanda na kuutundika ule mfuko. Wodini alikuwa ameona dripu zikitundikwa juu, akajua mifuko yote ya hospitali hutundikwa juu.

Kidole tumbo kilichopasuka kinaweza kuleta usaha tumboni hata mgonjwa akitunzwa vizuri, kwa hiyo siwezi kusema msumari ule peke yake ndio uliomrudisha. Lakini mpira ule haukuweza kushusha kitu chochote kwenda juu. Mtoto alirudishwa chumba cha upasuaji, akasafishwa tumbo, akakaa nasi wiki mbili zaidi, akapona. Mama hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimpa kazi ya muuguzi bila kumweleza kazi yenyewe.

Tangu hapo simruhusu mtu kuondoka na mpira kabla hajanionyesha kwa mikono yake namna atakavyoutunza. Makala hii ni maelezo yale yale, kwa ajili yako mama, bibi, dada au yeyote anayemuuguza mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo.

Mpira huu ni wa nini?

Mtu akifanyiwa upasuaji wa tumbo, ndani hubaki majimaji. Baadhi ni damu kidogo kutoka sehemu zilizokatwa, na baadhi ni maji ambayo mwili wenyewe hutoa unapojitibu. Kama ndani kulikuwa na usaha au uchafu wa utumbo, mabaki yake pia yanaweza kuwepo hata baada ya daktari kusafisha. Majimaji yakituama, bakteria huyapenda. Mpira huwekwa ili yapate njia ya kutoka, na pia ili daktari aone kinachoendelea ndani bila kufungua tumbo tena.

Mpira huu si ule wa mkojo, unaopita kwenye njia ya mkojo, wala si ule unaopita puani kwenda tumboni. Mgonjwa anaweza kuwa na yote mitatu kwa wakati mmoja. Muulize muuguzi akuonyeshe upi ni upi, maana kila mmoja una utunzaji wake.

Si kila upasuaji unahitaji mpira. Akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji hawawekewi, na hiyo ni sawa. Mara nyingi utauona kwa mgonjwa aliyekuwa na kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliotoboka kwa sababu ya homa ya matumbo, vidonda vya tumbo vilivyotoboka, ngiri iliyokwama mpaka utumbo ukaharibika, ajali iliyojeruhi ini au wengu, au upasuaji wa nyongo. Mpira una faida, lakini pia ni mlango. Kadiri unavyokaa muda mrefu, ndivyo bakteria wa kwenye ngozi wanavyopata nafasi ya kuingia. Kwa hiyo ukisikia daktari anataka kuutoa mapema, usidhani anamharakisha mgonjwa wako.

Aina unazoweza kuziona

Wa kwanza ni mpira mwembamba unaoishia kwenye mfuko unaofanana na mfuko wa mkojo. Huu hufanya kazi kwa kushuka tu, kama maji kwenye mfereji. Mfuko ukiwa chini ya kidonda, majimaji hutoka. Mfuko ukiwa juu, majimaji husimama au yanaweza kurudi ndani.

Wa pili una kibofu cha plastiki kidogo, kama limao au yai, ambacho hukamuliwa kikabonyea na kisha kufungwa. Kikiwa kimebonyea kinavuta. Kikijaa hewa na kuwa duara, hakivuti tena. Wapo pia wenye chupa ngumu inayovuta. Chupa hiyo usiifungue mwenyewe, muuguzi ndiye hubadilisha.

Wa tatu ni kipande laini cha mpira kinachochungulia nje ya ngozi bila mfuko, na majimaji hunyonywa na gozi. Mara nyingi hubanwa na pini kubwa ili kisizame ndani. Usiitoe pini hiyo hata kama inakuudhi macho. Hapa kazi yako ni kuhakikisha gozi inabadilishwa kila inapolowa.

Rangi na kiasi vinakwambia nini?

Siku ya kwanza, majimaji huwa mekundu kama damu iliyochanganyika na maji. Siku ya pili na ya tatu huanza kuwa ya pinki. Baadaye huwa ya njano nyepesi. Kiasi nacho hupungua siku hadi siku. Ukiona mwendo huo, tumbo linaendelea vizuri.

Toa taarifa mara moja, iwe mchana au usiku, ukiona haya:

- Damu nyekundu mbichi inayojaza mfuko haraka, au majimaji yaliyokuwa yameanza kuwa ya njano yakageuka ghafla kuwa damu.
- Majimaji ya kijani, au ya njano iliyokolea kama nyongo.
- Majimaji ya kahawia yenye harufu ya choo, au yenye mabaki ya chakula. Hii inaweza kuwa dalili kwamba utumbo unavuja.
- Majimaji mazito yenye rangi ya maziwa, au usaha unaonuka, hasa kama jana hayakuwa hivyo.
- Mpira umeacha kutoa kitu ghafla, huku tumbo likivimba, maumivu yakiongezeka au homa ikipanda.

Hiyo ya mwisho huwapotosha wengi. Mlezi anaona mfuko mkavu anafurahi kwamba ndani kumekauka. Kupungua kidogo kidogo ni jambo jema. Kukauka ghafla huku mgonjwa akizidi kuumwa maana yake huenda mpira umeziba au umejikunja, na majimaji yanabaki ndani.

Namna ya kumwaga na kupima

Mwaga angalau mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na kila mfuko unapofika nusu. Mfuko uliojaa ni mzito, unauvuta mpira, na nyuzi zinazoushikilia kwenye ngozi zinaweza kukatika.

1. Nawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni. Sugua mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha kausha kwa kitambaa safi. Kama una glavu, vaa. Glavu haziondoi haja ya kunawa.
2. Andaa kikombe au chupa yenye vipimo. Duka la dawa linaweza kukuuzia bomba la sindano la mililita 20 au 50 la kupimia. Kikombe hicho kiwe cha kazi hii tu, kisirudi jikoni.
3. Fungua mdomo wa mfuko chini, mimina, na usiache mdomo uguse kikombe wala vidole vyako.
4. Kama ni kibofu cha kuvuta, kibonyeze mpaka hewa yote itoke, kisha funga kifuniko ukiwa bado umekibonyeza.
5. Andika kwenye daftari tarehe, saa, kiasi na rangi. Mfano: "Jumanne, saa 1 asubuhi, mililita 60, pinki."
6. Mwaga chooni. Osha kikombe kwa sabuni na dawa ya kuua wadudu, kama jiki iliyochanganywa na maji.
7. Nawa mikono tena.

Daftari hilo usilidharau. Daktari akikuta mililita 150, 90, 60, 30, anajua afanye nini bila kubahatisha. Akikuta 60, 70, 200, anajua kuna jambo.

Mfuko ukae wapi?

Siku zote chini ya kidonda, na usiguse sakafu. Mgonjwa akitembea, ubane kwenye nguo yake kwa pini, chini ya usawa wa kiuno. Usiubane kwenye shuka au godoro, maana akigeuka usingizini atauvuta. Akilala kitandani, mfuko uning'inie pembeni ya kitanda. Kama nyumbani mnalala kwenye godoro lililo chini, mfuko utakuwa usawa mmoja na kidonda na hautashuka vizuri. Tafuteni kitanda kwa siku hizo chache, au pandisheni magodoro mawili, na mfuko ukae kwenye beseni safi pembeni.

Kabla ya kulala, pitisha macho kwenye mpira wote, kuanzia ngozini mpaka kwenye mfuko. Je, umejikunja? Je, mgonjwa ameulalia? Nguo zilizo pana kama dera au shati kubwa husaidia. Mtoto mweleze kwa maneno yake: "Hili ni bomba la kutoa maji mabaya, ukilivuta litauma." Mtoto mdogo sana mvalishe fulana ndefu juu ya bandeji ili vidole visifike.

Mpira ukitoka au ukivuja

Ukichomoka, usiurudishe. Hata kama umetoka sentimita chache tu, usiusukume ndani, kwa sababu utapeleka bakteria moja kwa moja tumboni. Funika tundu kwa gozi safi, bandika plasta, na nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mpira wenyewe uweke kwenye mfuko wa plastiki uende nao, ili waangalie kama umetoka mzima au kuna kipande kimebaki ndani.

Kama majimaji yanatoka pembeni ya mpira na kulowesha bandeji, angalia kwanza kama mpira umejikunja au mfuko umejaa. Ukirekebisha hilo na bado yanavuja, nenda kwa muuguzi. Usijaribu kuzibua kwa kupuliza au kuingiza maji.

Maambukizi ya kidonda huanzaje?

Ngozi ni ukuta. Upasuaji unaukata, na bakteria huweza kuingia kutoka kwenye ngozi yenyewe, kwenye utumbo uliotoboka, kwenye vifaa, au kwenye mikono ya wanaohudumia. Mikono hiyo ni yetu wauguzi, na ni yako pia.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi haya mwaka 2016, lilieleza kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 kati ya kila 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi. Kwa Afrika, hadi akina mama 20 kati ya 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Kwa hiyo likitokea, si laana wala si mkono wa mtu. Ni jambo linalofahamika, na linatibika likiwahiwa.

Wapo walio kwenye hatari zaidi: mwenye kisukari, mwenye upungufu wa damu, mwenye lishe duni, mvutaji sigara, mtu ambaye kinga yake imeshuka, na yule ambaye tumbo lake lilikuwa na usaha au uchafu wakati wa upasuaji. Kwa huyu wa mwisho, daktari anaweza kuamua kuacha ngozi wazi kwa siku chache, akaifunga baadaye kidonda kikiwa safi. Ndugu wengi huja kwangu wakisema, "Wamesahau kumshona." Hawakusahau. Kushona ngozi juu ya uchafu ni kufungia usaha ndani.

Dalili za maambukizi

Mara nyingi dalili hujitokeza kuanzia siku ya tatu mpaka ya kumi, lakini zinaweza kuja hata ndani ya siku 30 baada ya upasuaji. Usiache kuangalia kwa sababu tu nyuzi zimetolewa.

Kwenye kidonda angalia:

- Maumivu yaliyokuwa yanapungua yameanza kuongezeka.
- Ngozi ya pembeni imevimba, imekuwa ngumu, inang'aa na ina joto kuliko upande wa pili. Kwetu wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Ngozi inaweza kuonekana nyeusi zaidi au ya zambarau. Nawa, kisha pima joto kwa mgongo wa mkono.
- Usaha, au majimaji yenye harufu.
- Mshono unaachia.

Kwenye mwili mzima angalia homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, kukosa hamu ya kula, kutapika, tumbo kujaa, kushindwa kutoa hewa au choo. Usaha ukiwa ndani kabisa ya tumbo, kidonda cha nje kinaweza kuonekana kizuri huku mgonjwa anazidi kudhoofika. Homa inayopanda na kushuka kila siku baada ya upasuaji wa tumbo usiipe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Apimwe malaria, na kidonda na tumbo viangaliwe pia.

Kimbia hospitali bila kusubiri asubuhi ukiona mgonjwa anapumua haraka, amechanganyikiwa au analala mno, mikono na miguu ni ya baridi, mkojo umepungua sana, au mtoto amekataa kunyonya na amelegea. Hapo maambukizi yanaweza kuwa yameingia mwilini mzima na kila saa ina thamani. Kwa Tanzania, mama aliyejifungua anaweza kuombewa usafiri wa dharura kupitia m-mama kwa kupiga 115 bila malipo.

Kidonda kikifumuka

Kuna dalili moja nataka uikumbuke hata ukisahau nyingine. Kati ya siku ya tano na ya kumi hivi, bandeji iliyokuwa kavu ikilowa ghafla kwa maji mengi ya pinki, huenda misuli ya ndani imeachia ingawa ngozi bado imeshikana. Mlaze mgonjwa chini na mpeleke hospitali.

Kidonda kikifunguka kabisa na utumbo ukaonekana, usipige kelele mbele yake na usiurudishe ndani. Mlaze chali, magoti yakunjwe. Funika kwa kitambaa safi kabisa kilicholoweshwa kwa maji ya dripu, au maji yaliyochemshwa yakapoa. Usimpe chakula wala kinywaji. Mpelekeni akiwa amelala hivyo hivyo. Inatisha, lakini wagonjwa wengi wanaowahi hushonwa tena na kupona.

Kusafisha, na vitu vya kutoweka

Bandeji ya kwanza kwa kawaida hukaa siku moja au mbili, isipokuwa ikilowa. Baada ya hapo, kidonda kilichofungwa vizuri kinaweza kuoshwa taratibu kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kisha kukaushwa kwa kugusa, bila kusugua. Akiwa na mpira, usimloweshe. Mfute mwili kwa kitambaa, na pale mpira unapoingilia ngozini fuata alivyokuonyesha muuguzi. Kidonda kilicho wazi kisafishwe na mhudumu wa afya, au nawe ukishafundishwa.

Usiweke majivu, dawa ya meno, kinyesi cha ng'ombe, mafuta, majani yaliyopondwa, wala unga wa kapsuli za antibayotiki. Huo unga nauona sana. Watu wanapasua kapsuli wanamwagia kidondani. Dawa hiyo imetengenezwa kumezwa. Kidondani hufanya gamba, usaha hubaki chini yake, na sisi hatuoni kinachoendelea. Spiriti nayo huunguza nyama mpya inayoota.

Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, nazungumza na bibi na mashangazi kwa heshima. Kukanda tumbo kwa maji ya moto na kufunga mkaja kwa nguvu ni mapenzi yenu kwa mzazi, lakini juu ya mshono mbichi huumiza, huunguza na kulowesha kidonda. Shikamoo bibi, kwa huyu tuache tumbo lipumzike. Mkono wako bado unahitajika: mpikie, mfulie, mbebee mtoto, na umlindie usingizi.

Kuhusu antibayotiki

Kwa upasuaji mwingi, dawa ya kuzuia maambukizi hutolewa kabla ya kukata, na mwongozo ule wa mwaka 2016 unashauri isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kuzuia tu, hata kama mgonjwa ana mpira. Kwa hiyo ukirudi nyumbani bila antibayotiki, usidhani umenyimwa. Lakini kama tumbo lilikuwa tayari na maambukizi, kama kidole tumbo kilichopasuka, dawa ni matibabu na zinapaswa kumalizwa kama zilivyoandikwa, hata akijisikia vizuri.

Usinunue nyingine dukani kwa kuongezea, na usimpe zilizobaki za jirani. Usaha uliojikusanya hauondoki kwa vidonge peke yake. Mara nyingi hufungua nyuzi mbili tatu usaha utoke, na kidonda husafishwa kila siku mpaka kijaze nyama kutoka chini. Ukiwa ndani kabisa, huenda akahitaji kipimo cha picha na mpira mwingine, au upasuaji wa pili. Wakichukua usaha kwenda kuuotesha maabara, wanatafuta dawa inayomfaa, maana bakteria wengine wameshakuwa sugu.

Chakula, kutembea na kunyonyesha

Kidonda hujengwa na chakula. Daktari akiruhusu kula, mpe mayai, dagaa, samaki, maharage, maziwa, nyama kidogo, mboga za majani na matunda. Nimekutana na wagonjwa walioambiwa mayai na samaki huleta usaha. Hapana. Usaha huletwa na bakteria, na mwili usio na chakula cha kujenga hushindwa kupambana nao. Mwenye kisukari aendelee na dawa zake na kupima sukari.

Atembee mapema, hatua chache mara kadhaa kwa siku, mfuko ukiwa umebanwa vizuri. Akikohoa au kucheka, akandamize mto mdogo au kanga iliyokunjwa juu ya kidonda. Asinyanyue ndoo ya maji, gunia au mtoto mkubwa kwa takriban wiki sita, au kama daktari atakavyosema.

Mama anayenyonyesha aendelee. Maambukizi ya kidonda hayapiti kwenye maziwa, na antibayotiki nyingi tunazotumia zinafaa kwa anayenyonyesha, ila mwambie anayeandika dawa kwamba unanyonyesha. Mlaze mtoto ubavuni mwako, au umshike chini ya kwapa kama furushi, miguu yake ikielekea nyuma, asikanyage mshono.

Mpira hutolewa lini?

Daktari huangalia kiasi, rangi na hali ya mgonjwa. Mara nyingi hutolewa majimaji yakiwa mepesi na yamepungua sana, kwa mfano mpaka mililita 30 hivi kwa saa 24, lakini hutegemea aina ya upasuaji. Kuutoa huchukua dakika chache, kunauma kidogo, na tundu hujifunga lenyewe kwa siku kadhaa. Siku moja au mbili linaweza kuvuja kidogo. Usikose tarehe ya kurudi kwa sababu ya nauli bila kuwaambia. Piga simu, au mwone mhudumu wa afya wa mtaani kwako, tupange.

Kabla hujatoka wodini

Usichukue karatasi ya ruhusa kabla hujapata majibu ya maswali haya:

- Mpira huu ni wa aina gani, na mfuko ukae wapi?
- Kiasi gani kwa siku ni kawaida kwake, na nikiona kiasi gani nije?
- Nani atabadilisha bandeji, wapi na siku zipi?
- Dawa zipi, saa ngapi, siku ngapi?
- Nyuzi na mpira vitatolewa tarehe gani?
- Usiku likitokea jambo, niende wapi, na nipige namba gani?

Kisha mwambie muuguzi, "Sista, nitazame nikifanya." Mwaga mfuko mbele yake, upime, uufunge, uubane kwenye nguo. Akikwambia ana haraka, msubiri amalize kisha umwombe tena kwa upole. Mama yule wa msumari angeniomba hivyo, nisingekataa. Hakujua kama anaruhusiwa kuomba. Wewe unaruhusiwa.